Kumtafuta Babu Katika Jina Lake

Wasikilizaji, katika Musoma, Bunda na Butiama watu huuliza, "Babu yetu alizaliwa mwaka gani?" Swali hilo si la upuuzi. Shamba la ukoo likigombewa, wazee humtaja yule aliyefyeka pori kwanza, na asiyejua habari zake hana la kujibu.

Mtu wa Ulaya au Marekani hufungua daftari la hesabu ya watu, akamwona babu yake kwa jina. Kwetu ni vingine. Hesabu ya Tanganyika ya 1948 ilipopigwa chapa ilitoa jumla ya vichwa tu. Daftari za kodi nazo zilimwandika aliyelipa. Baba yake aliyekufa zamani hazimjui.

Basi tumtazame Nyerere Burito, Mtemi wa Wazanaki, aliyefariki 1942. Hakuna karani aliyeandika kuzaliwa kwake. Lakini kwa Kizanaki jina lake lina maana ya viwavi, wale waharibuo mazao kondeni, na wazee walishika ya kuwa alizaliwa wakati wa baa hilo, lililokadiriwa kuwa 1860. Jina hilo ni hati, ingawa halina muhuri. Mwanawe aliyezaliwa 1922 aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Jina Julius alipewa katika ubatizo, Desemba 1943. Kwa hiyo atakayemtafuta Julius katika karatasi za kabla ya hapo atapoteza siku yake bure.

Walakini viwavi hurudi. Msikiapo neno hilo, msikimbilie kuandika mwaka. Tafuteni shahidi wa pili. Ulizeni, babu alikuwa wa rika gani? Sotoka ilipoua ng'ombe, miaka ya 1890 na kitu, alikuwa mchungaji au amekwisha oa? Mtemi Nyerere alishika utemi 1915, zamani za Wadachi, naye ni mtu mzima. Hayo yapatana na habari ya viwavi.

Kisha mwende shambani, mkatazame mahame, makaburi na mawe ya zizi la kale. Bomani mwende baadaye. Na wanaume wakibishana, waiteni wanawake wazee. Mtemi huyo alikuwa na wake 22, na Mgaya, mama yake Kambarage, alikuwa wa tano. Katika mji kama huo, ni akina mama waliojua mtoto yupi alitangulia kuzaliwa, na msimu gani.