Njaa ni mstari mmoja wa msimbo

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa kwa sababu ya kazi na, nikisema ukweli, kwa sababu ya gemu pia. Leo nimeona nisiandike tena juu ya hifadhidata, bali juu ya hizo gemu zilizoninyima usingizi: gemu za kunusurika zinazochezwa kwa ushirikiano. Watu wawili, wanne au kumi mnatupwa porini, na kazi yenu ni kutokufa. Lakini mimi siwezi kusifia kitu bila kuuliza kimetoka wapi. Kwa hiyo hii ni historia, na ndani yake nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni huu. Watu husema gemu fulani ina wachezaji wazuri na gemu nyingine imejaa majambazi, kana kwamba watu hao walizaliwa tofauti. Mimi nimecheza na marafiki wale wale watatu tangu chuoni. Nimewaona wakiwa ndugu, na nimewaona wakiwa fisi, nami nikiwa fisi wa kwanza. Watu hawakubadilika. Kilichobadilika ni jinsi aliyetengeneza gemu alivyoandika njaa.

Njaa kwenye gemu ni kitu rahisi mno. Ni namba, tuseme 150, na mstari wa msimbo unaoipunguza kadiri muda unavyokwenda. Ikifika sifuri, jambo baya linatokea. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika kabla chai yake haijapoa. Kazi iko kwenye swali linalofuata: jambo gani baya, na linampata nani?

Wengi hudhani gemu hizi zilianza na Minecraft. Hapana. Desemba 1971, katika jiji la Minneapolis, Marekani, kijana aitwaye Don Rawitsch aliyekuwa kwenye mafunzo ya ualimu alitaka kufundisha historia ya walowezi waliokwenda magharibi. Wenzake wawili aliokuwa akiishi nao, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walijua kuandika programu, wakamtengenezea The Oregon Trail. Hapakuwa na skrini. Palikuwa na teletaipu, yaani taipureta kubwa iliyounganishwa kwa laini ya simu na kompyuta iliyokuwa kwingine, nayo ilichapa majibu kwenye karatasi. Unaanza safari mwaka 1847 na gari la kukokotwa na ng'ombe, una pesa kiasi, na chakula kinapungua kila hatua. Kikiisha, mnakufa.

Kinachonifurahisha ni jinsi ilivyochezwa. Mashine moja, darasa zima. Wanafunzi waligawana kazi: mmoja anafuatilia ramani, mwingine anahesabu pesa, na mwenye vidole vyepesi anawinda, kwa sababu kuwinda kulikuwa ni kuchapa neno haraka bila kukosea. Hakuna mahali kwenye programu palipoandikwa kuwa hii ni gemu ya ushirikiano. Ushirikiano uliletwa na uhaba wa mashine. Muhula ulipokwisha, waliichapa programu kwenye karatasi na kuifuta kwenye kompyuta. Rawitsch aliiingiza tena mwaka 1974 alipoajiriwa kwingine, akitumia karatasi zile zile. Wewe unayesema utafanya nakala ya hifadhi kesho, soma sentensi hiyo mara mbili.

Mwaka 1985 kampuni ya Atari ilitoa Gauntlet, mashine ya madukani ya wachezaji wanne. Humo uhai wako unapungua taratibu hata kama hakuna anayekugusa, na chakula kimetapakaa sakafuni. Anayekiokota ni chake peke yake. Zaidi ya hayo, mwenzako anaweza kukipiga mshale kwa bahati mbaya kikapotea. Na uhai ukikaribia kwisha unaweza kuuongeza kwa kutumbukiza sarafu. Hapo njaa ilikuwa mkusanya kodi wa mwenye mashine. Ndiyo sababu ukawa mchezo wa kupigiana kelele: tuko pamoja, lakini kila mtu na tumbo lake.

Huku kwetu mimi nilikutana na ushirikiano kupitia zile gemu za kaseti zilizochomekwa kwenye TV. Nilicheza Contra na kakangu mkubwa. Ukiishiwa na maisha, unaweza kumnyang'anya mwenzako moja katika akiba yake, hata bila kumwomba ruhusa. Na pale kwenye maporomoko ya maji, anayepanda haraka anaisogeza skrini juu, na aliyebaki chini anakufa. Nilikufa sana. Kakangu alisema ni makosa ya mashine.

Kucheza na mtu aliye mbali ilikuwa ndoto, na sababu yake ni ya kifizikia. Kabla ya nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilitegemea setilaiti. Setilaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ishara ikipanda na kushuka imeshatumia robo sekunde, na jibu linatumia robo nyingine. Katika nusu sekunde hiyo zombi ameshakutafuna. Mwaka huo huo wa 2009, mwezi wa Mei, Markus Persson wa Sweden alitoa toleo la kwanza la Minecraft. Hayana uhusiano, najua, lakini kwa kizazi changu yalikuja kama mapacha.

Minecraft yenyewe haikuwa na njaa mwanzoni. Chakula kilikuwa dawa, ukila unapona papo hapo. Kipimo cha njaa kiliingia Septemba 2011 katika toleo la Beta 1.8. Na hata hapo ni njaa ya adabu. Kwenye kiwango cha kawaida inakubakizia nusu ya moyo, haikumalizi. Ukiwa na shamba la ngano, umeshaisahau.

Aliyeirudishia njaa meno ni Dean Hall wa New Zealand. Alikuwa mwanajeshi, na mafunzo ya msituni kule Brunei yalimtesa vilivyo. Mwaka 2012 alitoa DayZ, ambayo mwanzoni ilikuwa nyongeza tu juu ya gemu ya kivita ya ARMA 2. Unaamka ufukweni, huna kitu, unahitaji kula na kunywa, na zombi wako kila mahali. Muda si mrefu wachezaji wakagundua kwamba zombi si tatizo. Tatizo ni mwenzako, kwa sababu njia fupi ya kupata maharagwe ya kopo ni kumpiga risasi aliyekwisha yaokota. Lakini Hall aliweka kanuni moja nzuri: ukipoteza damu nyingi, huwezi kujitundikia mfuko wa damu mwenyewe, lazima mtu mwingine akutundikie. Yaani kanuni moja inakwambia umuue mgeni, na nyingine inakwambia unamhitaji. Watu waliogopana na kutafutana kwa wakati mmoja. Rust, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ilichukua ile hofu na kuongeza jambo moja: ukitoka kwenye gemu, mwili wako unabaki umelala mle ndani. Mkenya ambaye stima imempotea saa mbili usiku anaelewa maana yake. Nilirudi asubuhi nikajikuta ufukweni, mikono mitupu.

Sasa nifike kwenye gemu iliyonifundisha haya yote, ingawa sijivunii. Don't Starve ya kampuni ya Klei, Kanada, ilitoka mwaka 2013 kwa mchezaji mmoja. Toleo la ushirikiano, Don't Starve Together, lilikamilika mwaka 2016. Tumbo lako lina alama 150 na linapoteza 75 kila siku, na siku moja ni dakika nane. Siku 20 za kwanza ni za neema, halafu unakuja msimu wa baridi wa siku 15, matunda hayaoti. Tuliicheza mwaka 2018 katika hosteli, laptopu nne, na dunia yenyewe ikiwa kwenye yangu.

Mmoja wetu nitamwita Mpishi. Laptopu yake ilikuwa dhaifu, picha zilikwama-kwama, kwa hiyo hakuweza kuwinda wala kupigana. Alikusanya majani na kula. Siku ya 27, katikati ya baridi, akafa.

Katika gemu hiyo mfu anakuwa mzuka. Mzuka anaelea karibu nanyi, na uwepo wake unawapunguzia akili walio hai. Kumfufua unahitaji moyo unaodunda, ambao unatengenezwa kwa majani matatu, tezi moja ya buibui, na alama 40 za uhai wa anayeutengeneza. Majani tulikuwa nayo tele. Tezi zilikuwa tatu kwenye sanduku. Uhai unarudi. Lakini mimi nilipiga hesabu kwa sauti, kama mtu anayeeleza algorithimu: mzuka hauli. Tukimfufua leo ni alama 75 kila siku kwa siku tisa. Tungoje masika. Wenzangu wawili wakaafiki.

Siku tisa mara dakika nane ni saa moja na dakika kumi na mbili. Mpishi alikaa kitanda cha pili, mita mbili kutoka kwangu, akielea. Kwenye dakika ya ishirini hivi aliuliza, "Wazee, mnaniamsha lini?" Hakuna aliyejibu. Akafunga laptopu, akasema ana kazi ya kumaliza. Hakucheza nasi tena kwa karibu miaka mitatu, na sisi tukasema amekuwa bize.

Tarehe 2 Februari 2021 ikatoka Valheim, kazi ya watu watano wa kampuni ya Iron Gate ya Sweden. Katika takriban mwezi mmoja iliuza nakala milioni tano. Ilikuwa na ukubwa wa takriban gigabaiti moja tu, jambo ambalo mtu wa bando analisifu kabla hata ya kuifungua. Tulikuwa kwenye kafyu. Mpishi alikuwa amepoteza kazi na kurudi kwa wazazi wake kijijini, akitumia intaneti ya simu. Nilimwandikia. Alichukua siku mbili kujibu.

Sikiliza Valheim ilivyoandika njaa. Huwezi kufa njaa. Ukikosa chakula kabisa unabaki na uhai wa 25, na hapo unaweza kuishi milele ukilima. Chakula hakizuii kifo, kinakuongezea uhai na pumzi, na unaweza kula aina tatu kwa pamoja. Ukitaka kwenda msituni kwenye yale majitu ya bluu, ule kwanza, kwa sababu ukiwa na 25 pigo moja linakumaliza.

Inaonekana ni tofauti ndogo. Lakini angalia hesabu: anayekaa nyumbani hana gharama. Anaweza kukosa kula wiki nzima na hadai kitu kwa mtu. Na anayekwenda vitani hawezi kwenda bila yule aliyekaa nyumbani. Ile namba ambayo mwaka 2018 ilimfanya rafiki yangu kuwa mzigo, sasa ilimfanya kuwa ndiye tunayemsubiri. Mawimbi ya simu yake yalichelewa, hakuweza kukinga hata pigo moja kwa ngao. Basi akashika jembe, maana humo jembe lipo kwelikweli, akapanda karoti, akafuga nyuki, akapika supu. Tulikuwa tukiingia saa tatu usiku na kukuta sanduku limepangwa, kila mtu na fungu lake. Chuma tulichokileta kwa jahazi, kwa kuwa madini hayapiti kwenye milango ya kusafiria, kilikuwa kwanza kwa ajili ya vyombo vyake vya jikoni. Hakuna aliyetoa hotuba. Ilikuwa hivyo tu.

Gemu zilizofuata nitazipitia upesi. Palworld ya Januari 2024 imewapa njaa hata wanyama wanaokufanyia kazi, nawe umekuwa mwajiri. Niliichoka baada ya wiki mbili. Lethal Company ya 2023 haina njaa, ina deni, na vicheko vyake ni vya kweli: mwenzako akiliwa, sauti yake inakatika katikati ya neno. Bora zaidi kwangu ni PEAK ya Juni 2025, ya Aggro Crab na Landfall. Mnapanda mlima, wanne, na njaa inakula kipimo kile kile cha pumzi za kupandia. Mwenye njaa hafi papo hapo, anafikia mwamba mfupi zaidi. Unaweza kumlisha mwenzako kwa mkono, na akizimia unambeba mgongoni. Ni Contra ile ile ya maporomoko, lakini safari hii aliye juu ana sababu ya kunyoosha mkono.

Sisemi njaa kali iondolewe. DayZ bila hofu si kitu. Ninachosema ni kwamba sisi tunaoandika programu hupenda kujificha nyuma ya maneno "watumiaji ndivyo walivyo". Mimi nilikuwa mtumiaji, na niliandika hesabu yangu juu ya hesabu ya mwingine.

Mwezi uliopita nilimwambia Mpishi hivi vyote, kwa simu, kwa kigugumizi. Alicheka, akasema anakumbuka hata rangi ya shuka langu. Jumamosi hii tunafungua tena Don't Starve Together, sote wanne, dunia mpya, na safari hii iko kwenye kompyuta yake. Amekubali kwa sharti moja: tezi ya buibui ya kwanza kupatikana anaishika yeye.

Haya, stima imeanza kuwaka na kuzima, wacha nihifadhi.