Ratili na Frasila: Neno Moja, Mizani Mbili

Maneno wakia, ratili na frasila yaliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na kwayo wafanya biashara wa Unguja walipima pembe na karafuu. Katika karne ya 19 wakia ilikuwa uzito wa reale moja ya fedha ya Maria Theresa, yaani gramu 28.07, wakia 16 zilifanya ratili, gramu 449 hivi. Baadaye, chini ya utawala wa Kiingereza, ratili ikawa ndilo jina la pauni, gramu 453.6.

Tofauti hiyo ni ndogo kwa mnunuzi wa sukari, lakini yamhusu sana msomaji wa hati. Frasila hutajwa pengine kuwa ratili 35, pengine 36, na ni rahisi kudhani kwamba mwandishi mmoja amekosea. Lakini ratili 36 za kipimo cha reale ni kilo 16.17, nazo ni pauni 35.6. Basi yawezekana wote wawili wamesema kweli.

Kwa hiyo mhariri asigeuze frasila kuwa kilo kabla ya kujua ni ratili ipi iliyokusudiwa, wala asiisahihishe tarakimu ya hati. Neno lilibaki lile lile; kilichobadilika ni jiwe la mizani.