Salme na kimya cha nyumbani

Kabla Sayyida Salme hajapanda meli yoyote, alishajifunza kitu ambacho mabinti wa jumba la Sultani walikuwa hawafundishwi. Kusoma walifundishwa, ili waisome Kurani. Kuandika, hapana. Anasimulia mwenyewe, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, kwamba alikuwa akinakili herufi za Msahafu kwa siri juu ya mfupa wa bega la ngamia, mpaka mkono ukazoea.

Wengi tukikishika kitabu kile tunakimbilia mapenzi: binti wa Seyyid Said, mfanyabiashara wa Hamburg, mimba, kutoroka. Sawa, ni stori kali. Ila mimi kinachonirudisha ni ule mkono. Ndio ulioandika barua za njama mwaka 1859, Barghash alipotaka kumpindua Majid, ndugu yao wa baba. Binti wa miaka 15, tayari karani wa uasi!

Agosti 1866 akapanda manowari ya Kiingereza, Highflyer, akaenda Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa jina la Emily, akaolewa na Heinrich Ruete, na safari ikaendelea hadi Hamburg. Hebu fikiria mawasiliano ya wakati huo. Mfereji wa Suez ulikuwa bado haujafunguliwa. Kwa karne nyingi habari za msafiri zilikuja na majahazi: kaskazi ikivuma yanashuka kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikishika yanarudi. Barua ukimkabidhi nahodha leo, jibu ulisubiri msimu mwingine. Na mama asiyejua kusoma ilibidi amtafute mwalimu wa chuo amsomee, kwa hiyo siri za mwanawe zilipita kwanza kwenye kinywa cha mtu mwingine.

Halafu mambo yakafunguka haraka. Mwaka 1872 meli za British India zikaanza kuleta barua kila mwezi kutoka Aden. Mwaka 1879 waya wa telegrafu ukapita chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja. Safari ya miezi ikawa ujumbe wa muda mfupi tu.

Salme wakati huo alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Mumewe alifariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu. Na aliyekalia kiti Unguja tangu mwaka huohuo alikuwa nani? Barghash. Yule yule aliyeandikiwa barua na dada yake. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme akamfuata huko, Waingereza wakamzuia asimwone. Agosti 1885 akafika Unguja kwa meli ya Kijerumani, na wanawe, manowari za Bismarck zikiwa bandarini. (Mtu asiniambie Wajerumani walimleta kwa huruma. Walikuwa wanautaka ufalme wa kaka yake.) Watu wa mjini walimsalimia njiani. Kaka hakumpokea.

Kwa lugha ya leo, mtandao ulikuwa unasoma vizuri tu. Alikuwa amebloklwa.

Akabaki na ule mkono. Aliandika mfululizo wa barua kwa rafiki wa Zanzibar asiyemtaja jina, akimweleza baridi, upweke, na maisha ya Wajerumani. Aliziandika kwa Kijerumani. Hata zingetumwa, huyo rafiki wa Unguja angezisomaje? Hazikuchapishwa hadi anafariki mwaka 1924. Kwa Kiingereza zilitoka mwaka 1993.

Naandika haya kwa sababu huku Temeke bandari iko karibu, na vijana wanaotoka Chuo cha Bahari Dar es Salaam wanaota kazi za melini, zikiwemo meli kubwa za kitalii. Tukizungumzia mawasiliano yao na nyumbani tunazungumzia mitambo: setilaiti, bei ya bando, saa za zamu. Ni muhimu, sikatai. Desemba 2024 yalianza kutumika marekebisho ya Mkataba wa Kazi za Mabaharia yanayowataka wenye meli wawape mabaharia intaneti kadiri inavyowezekana, na malipo yakiwepo yawe ya haki. Vizuri sana. Upande wa nyumbani, hakuna mkataba.

Mtaani kwetu yupo mama ambaye kijana wake anahudumu mezani kwenye meli ya kitalii. Aliondoka kwa ugomvi na baba yake. Mama anamtumia ujumbe wa sauti karibu kila usiku, kisha anaiweka simu kifuani akingoja tiki ziwe za bluu. Mzee hajawahi kuongea na mwanawe tangu siku ile. Lakini kila asubuhi, akiwa anakunywa chai, anauliza kana kwamba anauliza bei ya mafuta ya taa, "Huyo mwanao, kafika bandari gani?"