Nani alisema aina za maneno ni nane?

Aliyewahi kukutana na swali la "bainisha aina za maneno" anaijua orodha: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi, kihisishi. Nane. Vitabu vingi vya shule vinashikilia hapo.

Hesabu hiyo ni ya Wagiriki. Sarufi inayohusishwa na Dionysius Thrax, wa karne ya 2 kabla ya Kristo, iligawa maneno mafungu manane. Vivumishi havikuwa na fungu lao. Vilihesabiwa pamoja na nomino. Warumi walipoirithi wakakwama: Kilatini hakina kineno kama al- ya Kiarabu, ambacho Wagiriki walikitengea fungu. Wakalifuta, wakaingiza vihisishi, nane ikabaki nane. Sijui kama hapo walikuwa wanaeleza lugha au wanalinda hesabu.

Sibawayhi wa Basra, Mwajemi aliyebobea kwenye Kiarabu katika karne ya 8, alitosheka na mafungu matatu: ismu (jina), fiili (kitenzi) na harfu (kineno kisicho jina wala kitenzi). Waliosoma nahau, yaani sarufi ya Kiarabu, katika pwani yetu walikuwa na mgawanyo huo mkononi kabla Edward Steere, mmishenari Mwingereza aliyekuja kuwa askofu huko Zanzibar, hajachapisha sarufi yake ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Steere alipanga maneno Kizungu, na shule zikashika njia hiyo.

Tatizo ni kwamba maneno yetu hayatulii. "Vitabu vizuri": kivumishi. "Anaimba vizuri": kielezi. "Vizuri vimeisha": kiwakilishi. Umbo ni lile lile, kazi ndiyo imebadilika. Wala maana peke yake haitoshi kuamua. "Kimbia" na "mbio" yanahusu jambo moja, lakini la kwanza linakubali "anakimbia", la pili halikubali "anambio". Kwa hiyo wanaisimu huuliza neno limekaa wapi katika sentensi, linafanya kazi gani na linapokea viambishi vipi, ndipo walipe jina.

Clement Doke, aliyefundisha Johannesburg na kuandika sarufi ya Kizulu, alikuta katika lugha za Kibantu maneno yasiyoingia popote katika mafungu ya Ulaya. Mwaka 1935 akayaita ideofoni. Kwetu ndiyo ile pu ya "alianguka pu", ti ya "nyeusi ti" na pe ya "nyeupe pe". Walimu wengine huyaita tanakali za sauti, wengine huyapachika kwenye vielezi yaishe. Pu ni sauti, sawa. Lakini weupe unalia vipi? Na hiyo pe haikubali kuhama: sema "nyekundu pe" sokoni uone utakavyochekwa.