Umbali na Sanaa za Maonyesho Kisangani: Historia Fupi ya Studios Kabako

Atokaye katikati ya mji wa Kisangani kwenda Masako hufuata barabara ya zamani ya Buta kwa kilomita zipatazo 15, hadi aufikie msitu wa hifadhi ambao wanabiolojia wa chuo kikuu cha mji huo wameufanyia utafiti kwa miaka mingi. Safari ya Lubunga ni fupi zaidi: ni kuvuka Mto Kongo tu. Hata hivyo Lubunga, komini pekee kati ya sita za mji iliyoko ukingo wa kushoto, huhesabiwa kuwa ni mbali. Hakuna daraja, na mvukaji hutegemea mtumbwi au kivuko. Kwa hiyo umbali, katika mji huu, haupimwi kwa kilomita peke yake. Makala haya yanachunguza jinsi kikundi kimoja cha sanaa za maonyesho, Studios Kabako, kilivyokua katikati ya umbali wa namna mbalimbali, na swali lililozuka kutokana na ukuaji huo: sanaa hiyo ni ya nani?

Mwanzilishi wake, Faustin Linyekula, alizaliwa Ubundu mwaka 1974, akakulia Kisangani na kusoma huko fasihi na sanaa za maonyesho. Vyuo vya Zaire vilipokumbwa na migogoro na kufungwa, alihamia Nairobi mwaka 1993. Huko ndiko yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen walikoanzisha mwaka 1997 kikundi cha Gàara, ambacho kwa kawaida hutajwa kuwa cha kwanza cha ngoma ya kisasa nchini Kenya. Alirudi nchini kwake mwaka 2001, lakini alirudi Kinshasa, si Kisangani. Mji wa kwao ulikuwa mikononi mwa waasi, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana humo kwa siku sita, kila upande ukirusha makombora juu ya nyumba za raia. Mto uliounganisha miji hiyo miwili kwa kilomita zipatazo 1,700 ulikuwa umekatwa na mstari wa vita.

Jina la kikundi hicho kipya lastahili maelezo. Kabako alikuwa rafiki wa ujanani, aliyekufa kwa tauni akiwa mbali na nyumbani. Rafiki mwingine wa rika hilo, mshairi Antoine Vumilia Muhindo, alikamatwa kufuatia kuuawa kwa Rais Laurent-Désiré Kabila mnamo Januari 2001, akafungwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Hivyo basi, kabla kikundi hakijawa na jengo wala jukwaa, kilikuwa na wenzake wawili wasioweza kuhudhuria: mmoja marehemu, mwingine mfungwa. Nadhani hapa ndipo penye ufunguo wa historia yake yote. Vikundi vingi huutazama umbali kama kikwazo cha kuondolewa ili kazi ianze. Studios Kabako ililazimika kuufanya umbali huo kuwa ndiyo kazi yenyewe.

Onyesho la Dinozord la mwaka 2006 ladhihirisha jambo hili. Maudhui yake ni kurudi Kisangani ili kumzika Kabako kwa heshima anayostahili. Maneno ya Vumilia yalifika jukwaani ilhali mwenyewe yu kifungoni, na sauti nyembamba ya juu ya kijana Serge Kakudji wa Katanga ilichanganyika na Requiem ya Mozart. Toleo jipya lilipotokea mwaka 2012, Vumilia, aliyekuwa ametoroka gerezani na kupata hifadhi Uswidi, alipanda jukwaani kwa miguu yake. Nafasi iliyokuwa wazi kwa miaka sita ikapata mwenyewe.

Lakini Dinozord la kwanza lilioneshwa Vienna, katika tamasha la kuadhimisha miaka 250 tangu kuzaliwa kwa Mozart. Matanga ya mtu wa Kisangani yakafanyika mbele ya hadhira isiyomjua marehemu. Hapa mhakiki ana haki ya kuuliza maswali, na majibu mepesi hayatoshi. Ni kweli kwamba fedha za ziara na za wafadhili wa nje zilichangia sana kuendesha kazi ya nyumbani, na anayelipa mara nyingi huwa na neno katika kuchagua wimbo.

Yafaa kukumbuka, hata hivyo, njia nyingine zilizowahi kujaribiwa. Serikali ya Mobutu iliuona umbali wa nchi kubwa kama Zaire, na dawa yake ilikuwa ni kuwakusanya wachezaji wa mikoa katika mji mkuu. Ndivyo lilivyoundwa Baleti la Taifa mwaka 1974, mwaka uleule wa kuzaliwa kwa Linyekula, ambaye mwaka 2019 aliirejea historia hiyo jukwaani pamoja na wasanii watatu waliokuwa wa baleti hilo. Ngoma zilitolewa vijijini, zikapangwa upya, zikawa pambo la dola. Tanzania ilifuata njia tofauti. Katika mradi wa Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama, walikwenda kijijini, wakachunguza matatizo pamoja na wanakijiji na kutunga nao maigizo. Njia hii naiona bora kuliko ile ya baleti. Udhaifu wake wajulikana: mtaalamu hatimaye hurudi chuoni.

Linyekula alifanya kinyume. Katikati ya muongo huo wa 2000 alikihamishia kikundi Kisangani, mbali na Kinshasa yenye balozi na vituo vya utamaduni vya kigeni, na kuanza kuwasaidia vijana wa ngoma, maigizo, muziki na filamu. Pamoja na msanifu majengo Bärbel Müller wa Vienna, alibuni mpango wa kutojenga jumba moja kubwa katikati ya mji, bali vituo vidogo vilivyotawanyika katika sehemu zake. Waliposhauriana na wakazi wa Lubunga, suala la maji safi liliingia katika mpango huo. Wapo watakaosema kwamba kuchuja maji si sanaa ya maonyesho. Labda, lakini hadhira inayoteka maji mbali haina jioni ya kwenda kutazama mchezo.

Lubunga haikuchaguliwa kwa bahati tu. Hapo ndipo inapoanzia reli ya kilomita 125 iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa Maporomoko ya Boyoma, ikaishia Ubundu. Katika Le Cargo, onyesho la mwaka 2011 analolicheza peke yake, Linyekula asimulia safari ya kuifuata njia hiyo hadi Obilo, kijiji alichowahi kuishi utotoni, akitafuta ngoma alizozisikia usiku bila kuruhusiwa kwenda kuziona.