Studio za picha karne ya 19: Kwa nini Isiolo haikuwa nayo

ISIOLO, mji ambao leo huitwa lango la kaskazini mwa Kenya, haukuwapo katika karne ya 19. Ulianza kukua baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia (1914-1918), wakati askari wa Kisomali waliolitumikia jeshi la Uingereza walipopewa makazi huko na serikali ya kikoloni ikapafanya kituo cha utawala. Kabla ya hapo, eneo hilo lilikuwa malisho ya wafugaji na njia ya misafara iliyofuata mto Ewaso Nyiro.

Kwa hiyo, mkazi wa huko aliyetaka picha yake mwenyewe, kwa hiari na kwa fedha zake, angelazimika kuteremka hadi pwani. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu ndani ya studio anayepigwa picha ni mteja: huchagua nguo, hukubali au hukataa picha, kisha huondoka nayo. Nje ya studio, picha ni mali ya aliyeshika kamera.

Zanzibar ilitangulia. Mwaka 1860, msafiri Mwingereza James Augustus Grant alipiga picha huko kabla ya kuelekea bara pamoja na John Hanning Speke. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwaka 1872 meli za barua zikawa zinafika Zanzibar kutoka Aden kwa ratiba. Vioo, karatasi na dawa za picha vikapata njia ya uhakika.

Biashara hiyo ilishikwa zaidi na Wagoa, wahamiaji kutoka koloni la Wareno nchini India. A. C. Gomes alikuwa miongoni mwa waliotangulia, na mwanawe, P. F. Gomes, akairithi kazi yake. J. B. Coutinho na E. C. Dias nao walijulikana mjini humo.

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Katika njia iliyotawala hadi miaka ya 1870, bamba la kioo lilipakwa kolodioni, majimaji mazito yanayonata, kisha likatumbukizwa katika maji ya nitrati ya fedha ili linase mwanga. Lilipaswa kupigiwa picha na kusafishwa likiwa bado bichi, kwa kawaida ndani ya dakika 10 hadi 15. Ndiyo maana chumba cha giza kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kamera. Joto lilikausha bamba upesi, na chembe moja ya vumbi iliacha doa usoni mwa mteja.

Mwanga ulikuwa wa jua. Mpigapicha aliupunguza ukali kwa mapazia meupe na kumkalisha mteja mbele ya pazia lililochorwa nguzo au bustani. Kwa kuwa kamera ilihitaji sekunde kadhaa, chuma chenye mguu kilisimamishwa nyuma ya mteja kumshikilia kichwa asitikisike. Uso mkavu wa watu katika picha nyingi za zamani si lazima uwe wa huzuni; mara nyingi ni uso wa mtu aliyeambiwa atulie.

Baada ya hapo, bamba lililazwa juu ya karatasi yenye ute wa yai na chumvi ya fedha, vyote vikaanikwa juani. Picha ilitoka kwa ukubwa uleule wa bamba. Kisha ilioshwa kwa maji mengi safi, kwani dawa ikibaki, picha hugeuka rangi na kufifia. Bila maji, meli na wateja wa kudumu, studio isingesimama.

Faida ilitokana na kurudia. Mfaransa Disdéri alisajili mwaka 1854 njia ya kupata picha kadhaa ndogo, za takriban sentimita 6 kwa 9, katika bamba moja, na bei ikashuka. Mabamba yalihifadhiwa ili mteja aweze kuagiza nakala nyingine.

Hata hivyo, studio hizohizo ziliuzia wageni picha, na baadaye postikadi, za wenyeji. Chini ya picha mara nyingi paliandikwa kabila au kazi ya mtu, si jina lake. Jina lililodumu ni la studio.

Kaskazini, hali ilikuwa hiyo bila hata nafasi ya kuwa mteja. Mwaka 1892, Mmarekani William Astor Chanler na Ludwig von Höhnel wa Austria walifika Ewaso Nyiro na bwawa la Lorian wakiwa na wapagazi kutoka Zanzibar. Kitabu cha Chanler kilichapishwa mwaka 1896 kikiwa na picha alizozipiga safarini. Waliopigwa walibaki nyuma, na picha zikaenda ng'ambo.

Mabamba makavu ya kiwandani, yaliyoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, na kamera ya Kodak ya mwaka 1888 vilipunguza mzigo wa kazi. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipigwa picha na William D. Young, ambaye baadaye alikuwa na studio Nairobi. Hivyo ndivyo kazi hiyo ilivyopanda kutoka pwani kwenda bara, mji baada ya mji.

Kasoro ya zamani bado inarekebishika majumbani. Familia yenye picha ya babu au bibi inaweza kuuliza wazee wangali hai, kisha kuandika nyuma yake, kwa penseli laini, jina, mahali na mwaka. Picha isiyo na jina humbakiza mtu sura tu.