Nyundo ya Chuma Upande wa Pili wa Wavu

Beijing, Agosti 2008. Uwanja umejaa Wachina, na timu yao ya voliboli ya wanawake, mabingwa watetezi wa Olimpiki, inacheza na Marekani. Kocha wa Marekani anajulikana na kila mtu mle ndani. Ni Lang Ping, msichana wao. Mechi inafika seti ya tano. Marekani inashinda 3-2.

Ili uelewe uchungu wa siku hiyo, lazima turudi nyuma. Lang alizaliwa Tianjin mwaka 1960. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, China ilikuwa ndiyo kwanza inajifungua kwa dunia, na wasichana wa voliboli wakawapa watu kitu cha kujivunia: Kombe la Dunia 1981, ubingwa wa dunia 1982, kisha dhahabu ya Olimpiki 1984 kule Los Angeles, walikowachapa Wamarekani 3-0 kwenye fainali, mbele ya mashabiki wao. Lang alikuwa mshambuliaji. Kwa jinsi alivyoushindilia mpira, alibandikwa jina Nyundo ya Chuma.

Halafu staa huyu akafunga virago. Mwaka 1987 alienda Marekani, akawa mwanafunzi na kocha msaidizi katika Chuo Kikuu cha New Mexico. Mwaka 1995 nyumbani walimwita, akaitika, na mwaka uliofuata akaipa China fedha ya Olimpiki kule Atlanta. Baadaye akafundisha klabu Italia. Mwaka 2005 akakubali kuinoa timu ya taifa ya Marekani, nchi alikokuwa akiishi binti yake. Wapo Wachina waliomwita msaliti.

Hilo neno lina uzito wake. Nilipoacha chuo, mjomba mmoja aliniuliza nitawaambia nini watu waliochanga kwenye harambee ya karo yangu. Si swali la kijinga. Kuna mama alitoa mia mbili ambayo hakuwa nayo. Jamii ikikulea, inakudai. Lang pia alilelewa na kambi na makocha wa taifa lake. Na sisi Wakenya tulilumbana hivyohivyo mwaka 2003, Stephen Cherono alipogeuka kuwa Saif Saaeed Shaheen na kuipa Qatar dhahabu ya dunia ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Ezekiel Kemboi wetu akiwa wa pili.

Lakini deni hulipwa vipi? Lang aliondoka Beijing na fedha ya Marekani. Mwaka 2013 akarudi kuinoa China, na hakurudi mikono mitupu. Aliita wachezaji wengi kuliko ilivyozoeleka, akawapa vijana nafasi, akaleta wataalamu wa viungo na mazoezi kama alivyoona ng'ambo. Rio 2016 walianza vibaya, wakapoteza mechi tatu kati ya tano za kundi. Robo fainali wakapangiwa Brazil, wenyeji na mabingwa mara mbili mfululizo. Wakawatoa 3-2. Fainali wakaifunga Serbia 3-1. Lang akawa mtu wa kwanza kwenye voliboli kutwaa dhahabu ya Olimpiki akiwa mchezaji, kisha akiwa kocha.

Mimi naona safari zote zile ndizo zilizolipa deni. Angebaki nyumbani kuwaridhisha watu, angewafunza kile walichokijua tayari.

Tokyo, 2021, mambo yaliharibika: China ilitolewa kwenye makundi, na Lang akaachia ngazi. Kwenye mashindano hayohayo Malkia Strikers wetu waliongozwa na Mbrazili, Luizomar de Moura, na kundini wakakutana na Brazil. Tulilala 3-0. Sikumsikia Mkenya hata mmoja akiuliza kama kocha yule amesaliti kwao. Tulitaka tu atufunze alichojua. Basi siku kijana wetu akienda kufundisha kwingine, tukumbuke hilo kabla ya kufungua mdomo.